Kabla Hujauliza Hosipawa: Kuchagua Pampu ya Maji kwa Visima vya Dodoma

Mteja akifika kaunta, neno lake la kwanza huwa hosipawa, yaani nguvu ya mota. "Dada, nipe ya hosipawa moja, kisima changu kirefu." Au ile nyingine: "Jirani kafunga ya moja na nusu, na mimi nipe hiyo hiyo." Mimi nauza pampu hapa mjini na nazifunga mwenyewe na vijana wangu, kuanzia Nzuguni na Ihumwa mpaka Mvumi na Bahi. Hosipawa huwa ndiyo kitu cha mwisho kujulikana. Kisima chako ndicho kinachochagua pampu. Kazi yako ni kukipima na kuniletea majibu.

Nayahitaji majibu haya: maji yako chini kiasi gani, kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, maji yanapelekwa wapi (juu kiasi gani na mbali kiasi gani), na moto wa kuendeshea (umeme, sola au petroli) unatoka wapi. Halafu lipo swali la huku kwetu ambalo watu wa Morogoro hawana haja nalo sana: maji yako ni baridi au ya chumvi?

Kupima kisima

Kwa kisima cha ringi, kile kilichojengewa duara za zege, funga nati nzito kwenye kamba isiyovutika, iteremshe taratibu mpaka usikie imegonga maji, kisha piga fundo usawa wa mdomo wa kisima. Endelea kuiteremsha mpaka ilegee chini, piga fundo la pili. Wengi hunitajia fundo la pili tu, kwa sababu ndilo walilomlipia mchimbaji. Fundo linaloamua aina ya pampu ni la kwanza. La pili linanionyesha akiba ya maji tu.

Pima mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza kama Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Mwezi wa tatu kila mtu ana kisima. Pampu iliyochaguliwa kwa vipimo vya mwezi wa tatu itaanza kukoroma hewa ifikapo Septemba, na hapo lawama zinakuja dukani.

Sasa kiasi cha maji. Vuta kwa ndoo, au kwa pampu ya kuazima, mpaka maji yashuke mita moja hivi. Acha yatulie saa nzima, kisha pima yamepanda sentimita ngapi. Ringi yenye upana wa mita 1 kwa ndani, kila sentimita 10 za maji ni lita 78 na kidogo; yenye upana wa mita 1.2 ni lita 113. Kwa hiyo kama kwenye ringi ya mita 1 maji yamepanda sentimita 40 kwa saa, kisima kinakupa lita 310 hivi kwa saa. Pampu ndogo kabisa ya dukani, ile ya nusu hosipawa, inavuta kuliko hapo mara mbili au tatu. Kisima cha namna hiyo hakina pampu iliyo ndogo mno kwake. Dawa yake ni boya la kuzima pampu maji yakipungua, na tangi la kukusanya kidogo kidogo mchana na usiku.

Kwa kisima kirefu kilichochimbwa na mashine, usipime kwa kamba. Dai karatasi ya majaribio ya uvutaji kutoka kwa mchimbaji. Iwe na vitu vitatu: maji yanasimama mita ngapi yakiwa yametulia, yanashuka mpaka mita ngapi pampu ikiwa inavuta, na yalikuwa yanavutwa lita ngapi kwa saa wakati huo. Mchimbaji asiyekupa karatasi hiyo hajamaliza kazi. Na kibali chake cha kuchimba ukione mapema: mkoa wetu umegawanyika kati ya mabonde matatu ya maji, Wami/Ruvu, Rufiji na Bonde la Kati, kwa hiyo bodi ya bonde inayomhusu mtu wa Kongwa si lazima iwe ya mtu wa Bahi.

Pampu ya juu na ukomo wake

Pampu inayokaa juu ya ardhi na kuteremsha bomba kisimani ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Lakini ina ukomo ambao hosipawa haiwezi kuuvuka. Pampu hiyo inachofanya ni kutoa hewa ndani ya bomba. Kinachoyasukuma maji yapande ni uzito wa hewa ya nje. Kando ya bahari, hewa inaweza kuyapandisha maji mita 10.3, basi. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na hesabu hiyo inashuka mpaka mita 9 hivi. Toa msuguano wa bomba, toa ubishi wa valvu ya chini, toa upungufu wa pampu yenyewe. Mimi nahesabu mita 6. Katoni likiandika 8 au 9, elewa kwamba hiyo ni namba ya pampu mpya iliyopimwa mahali pa chini kuliko hapa.

Mita hizo zinahesabiwa wima, kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pampu, maji yakiwa yameshashuka kwa kuvutwa. Kisima cha mita 15 ambacho maji yako mita 4 kinafaa pampu ya juu. Kisima cha mita 12 ambacho maji yako mita 10 hakifai, hata ulete ya hosipawa tatu. Utasikia mota inaunguruma vizuri tu, maji hakuna, na baada ya muda pampu inachemka.

Kama vipimo vyako vinaruhusu, basi chagua hivi. Ile ndogo yenye impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya vijino pembeni inapandisha maji juu kwa bei nafuu, lakini nafasi ndani yake ni nyembamba mno, na mchanga kidogo tu unaila. Iweke kwenye maji masafi: kutoka tangi la chini kwenda la juu, au kisima kilichotulia. Ile ya sentrifuga ya kawaida inatoa maji mengi na inavumilia uchafu kiasi, ila haipandishi sana. Aina ya jeti inajivuta yenyewe hata kukiwa na hewa kwenye bomba, na ndiyo ninayompa mtu ambaye kisima chake maji hupanda na kushuka.

Bomba la kuvutia lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu. Lipande moja kwa moja bila kona iliyoinuka juu ya pampu, maana hewa itakwama hapo. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza maji mpaka yafurike. Pampu ikikataa kushika maji ingawa umejaza, shuku maungio: tundu kwenye bomba la kuvuta halitoi tone la maji, linaingiza hewa, kwa hiyo hulioni. Paka povu zito la sabuni kwenye kila ungio wakati pampu inaunguruma. Povu likinyonywa ndani, umempata mwizi.

Kusoma kibati

Chukua hiyo ya nusu hosipawa uigeuze ubavuni. Kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa juu yake mara nyingi utakuta Q max 35 l/min na H max 35 m. Mteja anasoma moyoni: lita 35 kwa dakika, juu mita 35, nyumba yangu ya ghorofa moja imepona. Sivyo. Q max ni maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi popote. H max ni urefu ambao maji yanafika na kusimama, tone halitoki. Vyote viwili kwa pamoja hutavipata kwenye pampu yoyote, ya Mchina wala ya Mwitaliano. Kwa aina hii ndogo, ukiipandishia maji mita 18 tarajia nusu yake, lita 17 hivi kwa dakika.

Ndani ya katoni kuna karatasi yenye mchoro wa mstari unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Watu huitupa pamoja na mfuko wa plastiki. Ichukue. Weka kidole kwenye urefu wako, nenda mpaka kwenye mstari, shuka usome maji utakayopata. Kama sehemu yako iko mwanzoni au mwishoni kabisa mwa mstari, hiyo si pampu yako. Tafuta ambayo kazi yako inaangukia katikati.

Kisima kirefu

Maji yakiwa chini zaidi ya mita 6 au 7, twende kwenye pampu ya kuzama, ile ndefu nyembamba mafundi wanayoiita sabmesibo. Inakaa ndani ya maji na kuyasukuma juu, kwa hiyo habari ya hewa haiihusu tena. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakupitisha kwenye hesabu moja nzima.

Alikuja mzee mwenye shamba la zabibu upande wa Mpunguzi. Baada ya shikamoo na habari za shamba, akaniambia anataka hosipawa tatu, "ili isinisumbue tena, mwanangu." Nikamwomba karatasi ya mchimbaji. Kisima mita 80. Maji yametulia mita 28, yakivutwa yanashuka mpaka 45. Majaribio yalitoa lita 4,000 kwa saa. Tangi liko kwenye mnara wa mita 6, umbali wa mita 150 kutoka kisimani, na ardhi inapanda mita 4 kufika hapo.

Nikaanza na maji. Kisima kikitoa lita 4,000 kwenye majaribio, mimi sivuti zaidi ya 3,000. Miaka mibaya ya mvua ipo, na kisima kinachovutwa mpaka mwisho huleta mchanga. Kisha urefu: 45 za kisimani, 4 za mwinuko, 6 za mnara, jumla 55. Angalia kwamba nimetumia 45 na si 28, wala si 80.

Bado bomba. Mzee alikuwa ameshanunua roli za poli, lile bomba la plastiki, za milimita 32, ile ya inchi moja. Lita 3,000 kwa saa ndani ya bomba hilo zinapoteza karibu mita 10 za nguvu kwa kila mita 100 za bomba. Yeye ana kama mita 210 ukijumlisha la kisimani na la shambani, hivyo mita 20 zinaliwa na msuguano na jumla inafika 75. Bomba la milimita 40 linapoteza mita 3 na ushee tu kwa kila 100, yaani 7 kwa safari yote, na jumla inakuwa 62. Ukiweka la milimita 25, lile la robo tatu, ni zaidi ya mita 30 kwa kila 100; hapo hata usiniambie.

Sasa ndiyo hosipawa. Zidisha mita za ujazo kwa saa na urefu, gawa kwa 367, unapata kilowati ambazo maji yenyewe yanahitaji. Lita 3,000 ni mita za ujazo 3, basi tatu mara 62 gawa kwa 367 ni 0.5. Pampu ndogo hupoteza karibu nusu ya nguvu yake njiani, kwa hiyo inatakiwa mota ya kilowati 1 na kidogo: hosipawa moja na nusu. Kwa lile bomba la inchi moja hesabu hiyo hiyo inadai hosipawa mbili. Zile tatu alizotaka zingekausha kisima kila siku, tena kwa bili kubwa. Mzee alirudisha roli zake alikonunua, akaongeza hela ya bomba nene, na tofauti hiyo anairudisha kwenye umeme.

Pampu hiyo tuliining'iniza mita 55. Ikae chini ya kiwango maji yanakoshuka, na ikae juu ya tope la chini. Mita mbili tatu kutoka chini ndiyo mwisho. Uulize pia upana wa bomba la kisima chako, kwa sababu pampu ya inchi 4 ina upana wa karibu milimita 100 na haiingii popote palipopindapinda.

Chumvi

Maji ya visima vya Makutupora ndiyo yaliyoulea mji huu miaka mingi, lakini si kila aliyechimba Dodoma amebahatika hivyo. Mwamba wetu ni wa matale, na sehemu nyingi maji yanatoka na chumvi inayotosha kugandisha sabuni. Chumvi inakula chuma cha kusubu na bomba la mabati. Ukiona alama nyeupe kwenye ndoo iliyokauka, lipia pampu yenye mwili, shafti na impela za chuma kisichoshika kutu, au impela za plastiki ngumu, na uteremshe bomba la poli badala ya la chuma. Kamba ya kuishikilia nayo iwe ya nailoni au waya usioshika kutu. Nimeshuhudia pampu nzima imebaki chini milele, si kwa kuharibika, ila kwa waya wa shilingi chache kukatika.

Floridi ni jambo lingine, hasa upande wa Singida. Haina ladha, na hakuna pampu inayoichuja. Peleka chupa ya maji maabara kabla hujayapa watoto.

Moto unatoka wapi

Umeme wa njia moja ni volti 230. Kama uko mwisho wa laini na taa hufifia jioni, funga kifaa cha kukata umeme ukishuka, na uiendeshe pampu usiku wa manane au asubuhi. Waya nao usibane hela: mota ya hosipawa moja na nusu kwa umbali wa mita 80, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza volti 15 hivi, wa 2.5 unapoteza 9. Ukijumlisha na umeme uliokwisha kushuka, mota inaungua, na hakuna garanti inayolipa.

Kwa visima vyetu vinavyotoa maji kidogo, mimi napenda sola, na sababu si bili tu. Sola inavuta polepole mchana kutwa, na hivyo ndivyo kisima dhaifu kinavyotaka. Ipo pampu ya sola ya skrubu, ambayo inatoa lita 1,000 kwa saa kutoka mita 80 kwa wati 400 hivi. Ina masharti mawili: isizunguke bila maji hata kidogo, kwa sababu mpira wake wa ndani utaungua, na usifunge koki mbele yake inapofanya kazi, maana haijui kuacha kusukuma. Jua la Dodoma lihesabie saa sita za nguvu kwa siku. Weka paneli zenye wati mara moja na nusu ya mota au zaidi, zitazame kaskazini kwa mlalo mdogo wa digrii 10 hadi 15 ili vumbi lioshwe na mvua. Betri sizishauri. Hela ya betri nunua tangi la pili.

Petroli ni ya korongo, bwawa na mto. Ile ya inchi mbili inatoa maji mengi sana kwa mwinuko mdogo, na kwa bustani za kandokando ya makorongo haina mpinzani. Chimbia pipa lililotobolewa kwenye mchanga, lizungushie kokoto, uweke kichujio ndani yake. Lakini isishushwe kisimani, hata kwenye jukwaa, hata kwa dakika tano, hata kama maji yamebaki mita moja kufikiwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu; haina harufu, inajaa kisimani, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza anakufa naye. Maji yako chini? Rudi kwenye pampu ya kuzama.

Zilizobaki, kwa haraka

Kijiji kisicho na moto wowote kinafaa pampu ya mkono: Nira kwa maji yaliyo karibu, mpaka mita 15 hivi, na Afridev mpaka mita 45. Kabla ya kuchagua, uliza vipuri vinapatikana wapi. Kwa tope, shimo la choo au maji ya ujenzi kuna pampu ya maji machafu yenye impela ya wazi. Usiiazime ile ya kisimani.

Kwa watu wa Kisasa na Ilazo wanaoishi kwa mgao wa maji, tatizo huwa presha. Tangi likiwa mita 3 juu ya bomba la bafuni, presha ni baa 0.3, na hita ya papo kwa papo haiwaki. Pampu ndogo ya presha inatosha, ifungwe baada ya tangi. Usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: unawanyang'anya majirani, na bomba likiwa tupu unanyonya uchafu wa nje kupitia kila tundu.

Siku ya kufunga, fungua koki robo tu kwa kuanzia. Jaza ndoo nyeupe, iache dakika kumi, uangalie chini yake. Pima mota inakula ampia ngapi na uandike kwa kalamu ya wino kwenye kisanduku cha kuwashia, pamoja na kiwango cha maji cha siku hiyo. Fundi atakayekuja baada ya miaka miwili atakushukuru. Ongeza koki taratibu kwa muda wa saa moja au mbili. Kama mchanga bado unaonekana kwenye ndoo baada ya hapo, zima pampu na umpigie mchimbaji kabla hujammalizia hela yake.